Kuhusu Wezi Wanaolia na Mashini ya Kushona ya Mke Wangu

Elisabethville, Komini ya Kenya
Avenyu Lufira
Ijumaa, tarehe 14 Julai 1961

Kwa Bwana Komisari,
Brigedi ya Kuzuia Wizi wa Majumbani

Bwana Komisari Mheshimiwa,

Ninakuandikia juu ya meza ambayo mpaka Jumanne ilikuwa ya mashini ya kushona, na ambayo sasa ina nafasi ya kutosha kabisa kuandikia malalamiko.

Jina langu ni Désiré Kunda. Mimi ni karani wa ghala la vipuri, nimesoma sekondari, na kila siku kabla ya kulala ninaandika tarehe na mambo ya siku hiyo. Kwa hiyo nakuomba usitume mtu kuja kubishana nami juu ya tarehe. Juu ya mengine yote niko tayari kusikiliza, ingawa sitarajii kusikia jambo jipya.

Habari yenyewe ni fupi. Jumanne tarehe 11, mchana, wanaume wawili waliingia nyumbani kwangu wakilia, wakachukua mashini ya kushona ya mke wangu Clotilde, wakatoka nayo wakilia, wakapita mbele ya polisi wako. Polisi wako alivua kofia. Mke wangu yuko Mokambo, alikwenda kumwuguza mama yake, na anaweza kurudi siku yoyote. Ninachoomba ni kwamba mashini irudi kabla yake. Yaliyobaki katika barua hii ni maelezo tu ya jinsi serikali na polisi walivyosaidia mashini hiyo kuondoka.

Ujue kwanza hii si mashini ya dukani. Mama mkwe wangu, Mama Martine, aliitoa Rhodesia ya Kaskazini mwaka tuliooana, akavuka nayo mpaka akiwa ameibeba kichwani, kwa sababu hakumwamini dereva wa kamyo. Alipoitua mbele yangu hakusema neno juu ya ndoa. Alisema, “Mukwe, hii ni mukono wa mutoto wangu. Uchunge.” Nikajibu nitauchunga. Clotilde ameshona kwayo sare za nusu ya shule za komini yetu ya Kenya na magauni ya maarusi ambao sasa wana watoto. Aliponiaga kwenda Mokambo aliifunika kwa kitambaa cheupe, akaniangalia, akakirudia tena hicho kitambaa kukinyoosha, halafu akaondoka. Mwanamume aliyeoa anaelewa maana ya kuangaliwa vile.

Sasa malalamiko yangu, kwa taratibu.

1. Kipaza sauti. Mwezi wa nne brigedi yako ilipata motokari ndogo yenye kipaza sauti juu, na msemaji wenu akaanza kuzunguka. “Bantu ba Kenya! Bantu ba Katuba! Musikie muzuri!” Tukasikia vizuri. Alitueleza kwamba katika miji mingine kuna wezi wa namna mpya. Wanajifanya watu wa kilio. Wanafunga kitambaa kichwani, wanaingia katika nyumba ya mtu wakilia, wanabeba viti na vitanda kama vile wanavipeleka kwenye matanga, na hakuna anayewauliza, kwa sababu kwetu sisi nani atamsimamisha mtu aliyefiwa? Majirani wenyewe, alisema, watawasaidia kubeba. Halafu akarudi mwanzo wa avenyu akalisema tena lote, kwa ajili ya waliochelewa.

Bwana Komisari, kabla ya siku hiyo wezi wa avenyu yetu walikuwa watu wasio na elimu. Walichukua suruali iliyoanikwa. Walichukua sufuria iliyosahauliwa nje, na mara moja kuku, ambaye alirudi mwenyewe. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefikiria machozi. Jirani yangu Edouard, seremala, alisimama nami mlangoni tukisikiliza, akasema, “Bwana Désiré, wanafungua shule. Na hata kalamu hawatuombi.”

2. Chaki. Baada ya shule ikaja amri. Kila mtu anayesafiri, au anayekwenda kukaa kwenye kilio, lazima apite posti ya polisi atoe habari, na polisi atakuja kuchora msalaba wa chaki kwenye mlango wake, ili doria ijue ni nyumba gani haina watu. Nilimwuliza polisi wa avenyu yetu, anayeitwa Jeannot, kama wezi nao hawana macho. Alifikiri kidogo. Akajibu, “Bwana, ile chaki ni ya polisi.”

Jeannot ni kijana mwenye adabu na anachora vizuri. Labda ndiyo sababu ya yaliyofuata. Bendera yetu mpya ina misalaba ya shaba, na watu walipoona misalaba milangoni walidhani ni mapambo ya uhuru, wakaona aibu kuachwa nyuma. Mama Wivine wa jirani alichora mitatu, kama ilivyo kwenye bendera, ili asishindwe na mtu. Mwisho wa juma doria ilipopita, kwa chaki avenyu nzima ilikuwa tupu, na kwa kelele ilikuwa imejaa. Nimeambiwa kwamba mkaguzi wenu aliandika taarifa akisifu upendo wetu kwa nchi, na kuongeza chini yake kwamba wakaaji wote wa Avenyu Lufira wamesafiri.

3. Matangazo ya Jumamosi. Chaki iliposhindwa mlirudi kwenye kipaza sauti. Mkaona ni vema kutangaza kwa sauti nyumba zisizo na watu, ili majirani wazilinde. Basi Jumamosi tarehe mosi mwezi huu, wanawake wakiwa wanasonga bukari na wanaume wanarudi kazini, Komini yote ya Kenya na sehemu ya Katuba ilipata habari kwamba Clotilde wa Avenyu Lufira amekwenda Mokambo, kwamba mama yake aitwaye Martine ni mgonjwa, na kwamba mume wake anashinda kazini mpaka jioni. Msemaji alisahau tu kusema ufunguo uko wapi. Labda aliuacha kwa Jumamosi iliyofuata.

Nakuomba ulishike jambo hili, maana nitalihitaji mbele. Tangu tarehe hiyo hakuna mwizi wa mji huu asiyejua jina la mama mkwe wangu.

4. Karatasi ya kubeba. Hii nitaieleza kwa upole kwa sababu aliyeibuni lazima ni mgeni. Iliamriwa kwamba mtu yeyote asipite barabarani na kiti, meza, kitanda, godoro, mashini au sufuria kubwa bila karatasi yenye mhuri. Je, hakuna katika ofisi yako mtu hata mmoja aliyewahi kufiwa? Kwetu, mtu akifa, viti vya avenyu vyote vinatembea. Sufuria zinatembea. Mikeka, ndoo na mabenchi ya kanisa yanatembea. Hakuna anayeomba na hakuna anayekataa, unaona kiti chako kinapita kwenye kichwa cha mtu usiyemjua na unajua tu kwamba kilio ni kule.

Mzee Clément wa avenyu ya tatu alipofariki, polisi wako walisimama kwenye njia panda na kukamata viti vyote. Wakavirundika posti. Wafiwa walingoja. Walipochoka kusimama wakauliza viti viko wapi, wakaambiwa viko posti, wakaenda posti, wakakaa. Wanawake wakaona sufuria ziko pale pale, wakawasha moto. Kilio cha mzee Clément, Bwana Komisari, kilifanyika katika ua wa posti yako ya polisi tangu mwanzo mpaka mwisho, na siwezi kuficha kwamba kilikuwa kilio kizuri. Brigadia alikula. Jeannot alijifunza nyimbo, akaimba sauti ya pili. Binti wa marehemu aliniambia, “Baba alikuwa anaogopa polisi sana. Sasa angalia, bamemulinda.” Siku zile, nyumba nyingine zote za Kenya hazikuwa na hata filimbi moja ya polisi ya kuzilinda.

5. Heshima kwa machozi. Baada ya aibu hiyo ningetegemea muifute karatasi. Hapana. Mliiacha karatasi, mkaongeza amri juu yake, kwamba mtu anayelia apite bila karatasi, na polisi amvulie kofia.

Tafadhali weka namba 1 na namba 5 mezani, moja karibu na nyingine, uzisome pole pole. Kwanza mlituambia kwamba wezi wanalia. Halafu mkaamuru kwamba anayelia asisimamishwe.

Watu wa kawaida walielewa upesi. Edouard alipohamisha kabati kutoka Katuba alilia njia nzima. Anasema mwanzoni ilikuwa taabu, lakini alipofika sokoni alikumbuka mambo fulani ya ndoa yake, na tangu pale yakaja yenyewe. Polisi walimvulia kofia kila mahali. Mmoja alimsaidia kusukuma mkokoteni na kumwambia ajikaze, Mungu yupo. Nilimwambia Edouard kwamba anafanya mchezo na kitu kitakatifu. Alinijibu, “Miye nilifanya nini? Serikali njo iliniambia nilie.”

6. Gwaride. Tarehe 11 nchi yetu ilitimiza mwaka tangu ijitenge. Mkuu wa mtaa wetu alipita nyumba kwa nyumba kuamuru kila mtu mwenye miguu aende kuandamana, na wa kila kazi watembee pamoja. Nilitembea na makarani. Jua lilikuwa kali ingawa ni miezi ya baridi, na tulisimama muda mrefu kuliko tulivyotembea. Sipingi sherehe. Naona tu kwamba serikali ile ile iliyotukataza kuacha nyumba tupu ilitoa watu wote katika nyumba zote kwa wakati mmoja, ikawaweka polisi wote pamoja nao, ikatangaza saa ya kuanza.

Hapana, nimekosea, si polisi wote. Jeannot aliachwa kulinda avenyu yetu.

7. Wizi wenyewe. Mama Wivine hakwenda kwenye gwaride kwa sababu ya mguu wake. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba anachambua maharagwe. Anasema waliingia wanaume wawili wenye vumbi la safari, vitambaa kichwani, macho mekundu. Waliniulizia. Akawaambia niko kwenye gwaride. Wakauliza gwaride liko wapi, akawaambia liko kila mahali. Hapo mmoja akaketi chini kwenye udongo na kulia kama mtoto, na mwingine akamwambia Mama Wivine kwamba Mama Martine amefariki, kwamba Clotilde amewatuma kuchukua mashini, na kwamba kamyo haiwezi kuwangoja.

Mama Wivine ni mwanamke mwenye akili. Alilea watoto wengi, na alisikia kipaza sauti kama sisi wote. Akafanya nini? Alifungua mlango wangu kwa ufunguo ninaomwachia. Alishika upande mmoja wa mashini. Alilia pamoja nao mpaka kona. Nilipomlaumu alinitazama kama mimi ndiye mwizi.

“Baba Désiré, bale bantu balikuwa banalia kabisa. Machozi ya kweli. Miye najua machozi.”

Nikamwambia ndivyo kipaza sauti kilivyosema watafanya.

“Balijua jina ya mukwe yako!”

Nikamwambia mji mzima unalijua, tangu Jumamosi tarehe mosi.

“Na yule alikaa chini?”

Nikamwambia kwamba mwizi mzuri anakaa chini. Akainuka na maharagwe yake akaingia ndani, na mpaka leo tunaamkiana kwa kichwa tu.

Na Jeannot? Jeannot alikuwa kwenye kona. Aliwaona wanakuja na mashini bila karatasi. Alivua kofia. Akasimamisha kamyo ya mchanga ili wavuke. Nilipomwuliza kwa nini, alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia, “Pole sana, Bwana Désiré.” Mpaka sasa sijui kama alinipa pole ya mashini au ya mtu, na sikumwuliza, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufika kwa mkubwa wake.

8. Posti. Jioni ile ile brigadia alinipokea vizuri. Akaniuliza kitu gani kimepotea, nikamwambia. Akaniuliza kama wezi walikuwa wanalia, nikasema ndiyo. Akaweka kalamu chini. Akasema kama walikuwa wanalia basi si wizi, ni kilio, na kilio kiko chini ya ofisi nyingine.

“Kwenu nani amekufa?” akaniuliza.

Hakuna, nikasema.

“Uko na hakika?”

Bwana Komisari, mtu aliyesoma anaulizwa na brigadia kama ana hakika kwamba hakufiwa! Nilimwambia kwamba kama mama mkwe wangu angefariki mimi ningekuwa mtu wa kwanza kuambiwa, mbele ya Mama Wivine, mbele ya polisi, na mbele ya mashini. Nikamwagiza aandike mambo haya neno kwa neno: kwamba mali ya wizi huuzwa ng’ambo ya mpaka, kama kila mtu ajuavyo, kwamba apeleke habari kwa redio kwenye baryeri ya polisi inayozuia magari Mokambo, kwamba mwanamume yeyote atakayefika pale na mashini ya kushona huku analia akamatwe, na kwamba asisikilizwe neno lake hata moja, hasa akisema ni ndugu ya mwenye mali, maana wamesoma na wanajua la kusema.

Aliandika pole pole huku midomo yake ikitamka kila neno. Leo ni Ijumaa. Hakuna aliyekuja kwangu, hakuna aliyeniita, na mashini haionekani. Naamini ile karatasi yangu imekwisha kufungiwa karanga mahali fulani, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya maana iliyofanywa na karatasi ya brigedi yako tangu ianzishwe.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa maombi. Sipendi mtu anayelalamika bila kuleta shauri.

Kwanza, amri ya namba 5 igeuzwe. Mtu anayecheka apite. Anayelia asimamishwe, akalishwe kwenye kivuli, angojewe mpaka machozi yakauke, ndipo aulizwe kwa utaratibu nani amekufa, wapi, na ni nani awezaye kushuhudia.

Pili, kwa kuwa machozi ya kweli na ya uongo yanafanana kwa macho, iundwe ofisi ya kuyachunguza. Wakuu wake wasiwe Wazungu, maana wale hulia kimya na hawatajua tofauti. Achukuliwe Mama Wivine, ambaye anasema anajua machozi, ili naye aone kwamba kazi si rahisi.

Tatu, kama ofisi haiwezekani, basi wezi waajiriwe polisi. Nasema hili bila mzaha. Katika mji huu mzima, ni wao peke yao waliosikiliza matangazo yenu, wakayaelewa, wakayafuata bila kukosea. Watumishi wa namna hiyo serikali haina wengi.

Nne, na hapa naweka kejeli chini. Haraka, Bwana Komisari. Nataka kwa mara moja tu polisi wako wawe wakali na wepesi. Wasihurumie mtu. Wasivue kofia. Clotilde akirudi na kukuta meza tupu hatanipigia kelele, si tabia yake. Ataangalia pale mahali, ataangalia mimi, halafu atachukua sindano ataanza kushona kwa mkono, na nitaisikia sindano ile mpaka uzee wangu. Na Mama Martine akipona akauliza mashini yake, nitamjibu nini? Kwamba niliichunga mpaka serikali iliponiambia niende kutembea?

Wasalimie brigadia wako na mke wake. Msalimie msemaji wa kipaza sauti, umwambie sauti yake inafika hata asikodhani. Salamu pia kwa wote wa ofisi ya karatasi za kubeba, na kwa fundi wa chaki, Jeannot, ambaye simchukii.

Ninabaki, Bwana Komisari, mkaaji mtiifu wa nchi hii, mwenye meza tupu,

Désiré Kunda
Karani

Nyongeza. Jumatatu, tarehe 17 Julai.

Barua hii sikuipeleka Ijumaa kwa sababu nilitaka kuinakili vizuri. Ninaipeleka sasa hivi ilivyo, maana sina muda wa kuandika nyingine, na kwa sababu ni haki usome mambo yote niliyoyasema.

Jana baada ya misa Jeannot alikuja juu ya kinga yake, ile baiskeli ya polisi, anatoka jasho, anacheka, akanipigia kelele tangu kona: “Bwana Désiré! Bamebakamata!” Polisi wa baryeri ya Mokambo walitii kila neno la agizo langu. Walisimamisha kamyo usiku ule ule wa Jumanne, wakawakuta wanaume wawili na mashini ya kushona. “Balikuwa bado banalia,” akasema Jeannot, “njo balibajua.” Wakawatia ndani. Hawakuwasikiliza. Walipouliza majina waliambiwa Bwalya na Mwansa, na kwamba wao ni shemeki wa mwenye kulalamika. Polisi mmoja akajibu kwamba bezi bote banasemaka vile, na kwamba karatasi ya Elisabethville ilikwisha kuwaonya.

Bwana Komisari, Bwalya na Mwansa ni ndugu za mke wangu. Yaliyobaki nimeambiwa na watu wa kamyo iliyotoka Mokambo. Wakati wa harusi yetu Mwansa alikuwa bado anasoma, Mama Wivine hakupata kumwona. Bwalya alikuwa ng’ambo, migodini. Mama Martine alifariki Jumapili tarehe 9. Walisafiri kuniletea habari na kunichukua, na pia kuchukua mashini, kwa sababu Clotilde alitaka kushona kitambaa cha ndani ya sanduku la marehemu kwa mashini ile mama yake aliyoibeba kichwani. Kabla kamyo haijaondoka walinitafuta kati ya makarani wa mji mzima. Nilikuwa nimesimama juani na bendera ya karatasi.

Mama Martine alizikwa Jumatano. Clotilde alishona kwa mkono. Wanawe wawili walikuwa katika selo karibu na barabara ya makaburi. Waliusikia wimbo ulipopita, wakalia, na kulia kwao kukaandikwa kama ushahidi.

Clotilde hakunitumia neno lolote.

Kwa hiyo naomba hivi. Malalamiko yote ya juu yafutwe, isipokuwa majina na tarehe. Polisi wako warudi kuwa vile nilivyowalaumu: wazito, wapole, wasioona kitu, wenye kofia mkononi. Bwalya na Mwansa wafunguliwe leo, na mashini wapewe wao, si mimi. Nilikwenda asubuhi kwa brigadia kusema hayo kwa mdomo. Aliniambia kwamba agizo langu limeandikwa vizuri sana, halina kosa hata moja, na halifutiki bila saini yako. Aliniambia pia kwamba bado linafanya kazi. Tangu Jumatano wanakamatwa watu kwenye njia ya Mokambo, wote wanaolia, wenye mashini na wasio na mashini.

Ninaondoka kwa kamyo ya mchana huu. Kule kwenye kilio ninangojewa, na mukwe anayefika na macho makavu heri asifike. Lakini kati yangu na wao kuna baryeri yenye maneno yangu. Nitajitahidi kutabasamu mpaka pale. Nakuomba utangulize redio, uwaambie polisi wako kwamba atapita karani mmoja anayecheka, na kwamba hatua chache baada ya kuvuka, wakimsikia amebadilika, wamwache.